Gauni la Harusi Lisifungiwe Sandukuni

Wapendwa wa Kalokol na ghuba yote ya Ferguson!

Dada, usiweke gauni la harusi likiwa na jasho na madoa ya soda, litageuka manjano. Lifue mapema kwa maji ya bomba, maana ya ziwa yana magadi. Usitie jiki. Lianike kivulini, kisha ulifungie ndani ya shuka safi ya pamba, vumbi letu lisilifikie.

Halafu mwazime mwenzako! Kuna wanaoishi pamoja miaka mingi, wanaona haya kuja madhabahuni kwa kukosa gauni tu. Ufunuo 19:8 yatufundisha kwamba kitani safi ya bibi arusi ni matendo ya haki. Kwangu mimi, gauni lililovaliwa na maharusi watatu ndilo lililotunzwa.

Nani ataazima lake? Amina.