Mfupa Uliovunjika na Mashine ya Mawimbi ya Sauti

Mwezi huu tunataka kuzungumzia jambo ambalo tunaulizwa mara nyingi wodini. Mama mmoja wa hapa Buswelu alitujia na mwanawe, dereva wa bodaboda, aliyevunjika mfupa wa muundi na kufungwa hogo, yaani P.O.P., wiki sita zilizopita. "Sista," akasema, "tumeambiwa mjini kuna mashine ya kuunga mfupa upesi. Nimeuza mtamba."

Mashine hiyo ipo, si uzushi. Hutoa mawimbi ya sauti ambayo sikio halisikii, kama yale ya kumtazama mtoto tumboni, ila hii haipigi picha. Huwekwa juu ya ngozi, mahali palipovunjika, dakika 20 kila siku. Marekani iliiruhusu mwaka 1994 kwa baadhi ya mifupa iliyovunjika karibuni, na mwaka 2000 kwa ile iliyokataa kuunga. Habari hizo zilitufurahisha hata sisi wauguzi.

Lakini mwaka 2016 jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, lilitoa utafiti uliofanywa Marekani na Kanada. Wagonjwa 501 waliovunjika muundi na kufanyiwa upasuaji waligawanywa: nusu walipewa mashine ya kweli, nusu nyingine mashine ya kufanana nayo tu, isiyotoa mawimbi. Wenyewe hawakujua nani anayo ipi. Mwishowe hapakuonekana tofauti. Picha za eksirei hazikuonyesha mfupa kuunga mapema zaidi, wala watu hawakurudi upesi kwenye shughuli zao. Mwaka 2017 jopo la wataalamu, wagonjwa wakiwamo, lilishauri katika jarida hilohilo kwamba mashine hiyo isitumike kwa mifupa iliyovunjika.

Kwa maoni yetu, basi, kumuuzia mtu matumaini hayo kwa bei ya mtamba si haki. Mama yule hakuwa amechelewa hata kidogo. Muundi wa mtu mzima huchukua miezi mitatu, minne, wakati mwingine zaidi. Wiki sita ni njiani tu. Fedha ile ingetosha nauli ya kliniki, eksirei ya kuangalia kama mfupa umekaa sawa, na dagaa, maharage na maziwa ya kijana. Tena kijana alikuwa akivuta sigara, na sigara huchelewesha mfupa kuunga. Hakuna aliyekuwa amemwambia aache, nasi tukiwamo.

Ipo mifupa inayokataa kuunga kweli. Huyo mgonjwa aonwe na daktari wa mifupa, kama wa Bugando, kwa sababu mara nyingi atahitaji upasuaji. Asipelekwe kukandwa wala kuchuliwa.

Na ndugu msomaji, ukiwa na hogo ukaona vidole vinavimba, vimekuwa baridi au vimebadilika rangi, vinakufa ganzi, au maumivu yanazidi badala ya kupungua, usingoje tarehe ya kliniki. Njoo siku hiyohiyo, hata usiku.

Mama yule alikuwa bado hajalipa. Fedha zilikuwa kwenye fundo la khanga. Tulimwandikia tarehe ya eksirei kwenye kadi, wakarudi nyumbani.