KUMWANDIKIA MBUNGE SI UHALIFU



Tarehe 1 Juni 2025 Kenya ilisherehekea Siku ya Madaraka. Bendera zilipepea, na wakubwa wakahutubia habari za wazee waliotoa jasho na damu ili Mwafrika ajitawale. Siku hiyo hiyo, mjini Nairobi, binti mmoja wa Kenya alikuwa amefungiwa katika seli ya polisi. Je, aliiba? Hakuiba. Alimpiga mtu? Hakumgusa mtu. Aliwaonyesha wananchi wenzake njia ya kuliandikia Bunge lao, basi!

Mambo yenyewe ni haya. Mswada wa Fedha wa 2025 ulikuwa mbele ya Bunge, na wananchi walitakiwa kutoa maoni. Binti huyo, fundi wa kompyuta, akatengeneza ukurasa katika intaneti. Mwananchi akiufungua huona vifungu vinavyolalamikiwa, kisha hubonyeza, na barua pepe yake huenda Bungeni. Tarehe 30 Mei akakamatwa. Alilala ndani mpaka tarehe 3 Juni, alipofikishwa mahakamani na kuachiliwa kwa dhamana. Hati ya mashtaka ilidai kwamba programu yake inaingilia mwendo wa mitambo ya Kamati ya Fedha.

Sisi twauliza: tangu lini barua ya raia imekuwa silaha? Duka likijaa wateja, mwenye duka hapigi yowe kwamba amevamiwa. Barua zikiwa nyingi, maana yake wenye jambo ni wengi. Kama sanduku la Bunge ni dogo, na lipanuliwe sanduku, asifungwe mwandishi!

Tarehe 20 Juni hakimu aliyatupa mashtaka yale, kwa sababu hayakuonyesha kosa lolote. Tena, kifungu kimojawapo kilicholalamikiwa sana, cha kuwafungulia watoza kodi mlango wa siri za watu, Kamati yenyewe ilikikataa. Basi nani alikuwa na haki? Wananchi waliona shimo, wakapiga kelele, na Bunge likaepuka kutumbukia. Hiyo ndiyo faida ya kusikiliza.

Wazee wetu waliijua hali ya kutungiwa sheria gizani. Baraza la Kutunga Sheria la Kenya lilianza 1907, lakini Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, hakuingia humo mpaka 1944. Kabla yake Waafrika walisemewa na wamishonari waliochaguliwa na Gavana. Kodi ya kichwa na sheria ya kipande zilimfikia mwananchi zikiwa zimekwisha pikwa. Yeye kazi yake ilikuwa kumeza. Uhuru ulikuja kuiondoa desturi hiyo. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 118, inaliamuru Bunge liwashirikishe wananchi katika kazi ya kutunga sheria. Haikusema liwavumilie. Ilisema liwashirikishe.

Wako watakaotuambia, “Mlimchagua mbunge, mwacheni afanye kazi.” Tulimchagua, naam, lakini hatukumpa midomo yetu akaifungie kabatini miaka 5. Juni 2024 wabunge 195 waliupitisha Mswada wa Fedha huku nchi nzima ikiukataa, na vijana wakapigwa risasi barabarani. Kesho yake Rais akakataa kuutia sahihi. Lau wangesikilizwa kwa barua, wasingalisikilizwa kwa maziko. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Na katika nchi huru, mkuu ni mwananchi.

Kwa hiyo sisi twataka mambo manne.

Kwanza, kila mswada uwekwe katika intaneti mapema, na mlango wa maoni uwe wazi kwa siku za kutosha.

Pili, uandikwe kwa Kiswahili vilevile. Kiswahili ni lugha rasmi ya Bunge kwa Katiba. Mbona miswada inakuja kwa Kiingereza cha mawakili? Mama muuza mboga atatoa maoni gani juu ya kodi asiyoweza kuisoma?

Tatu, intaneti isiwe kisingizio cha kufuta mabaraza. Mchungaji wa Turkana asiye na simu ni raia sawa na kijana wa Nairobi. Na afuatwe kwake, asikilizwe.

Nne, na hili ndilo kubwa: tujibiwe! Tarehe 31 Julai 2024 Mahakama ya Rufaa ilisema Bunge lina wajibu wa kueleza kwa nini limekubali au kukataa maoni ya umma. Oktoba Mahakama ya Upeo ikaitengua hukumu ile. Basi Bunge lenyewe na litunge sheria ya kujilazimisha. Maoni yasiyojibiwa ni kama maji yaliyomwagwa mchangani.

Wanachama, msingoje. Kila tawi lichague kijana mwenye simu na mzee mwenye busara. Mswada ukitoka, wausome pamoja mbele ya mkutano, kifungu kwa kifungu, yaandikwe maneno ya kila mmoja, yapelekwe Bungeni siku hiyo hiyo, na nakala ibaki tawini. Tutaulizana baadaye: tulisema nini, na walifanya nini?

Binti mmoja aliufungua mlango akalala ndani siku nne. Sisi tulio maelfu, tukipita mlango huo pamoja, watatufungia wapi?

Haki na Umoja!