Usikope sacco kumpeleka kijana Dubai



Jumapili baada ya ibada ya pili mama mmoja alinishika mkono pale mlangoni akaniuliza swali ambalo nimelala nalo wiki nzima. "Pasta, nikichukua mkopo wa sacco nimpeleke kijana wangu Dubai Desemba, nitakuwa nimekosea?" Kijana ana miaka 15. Wenzake darasani wameenda na wamerudi na picha. Na siku hizi akitoka shule anaingia chumbani, mlango unafungwa mpaka chakula kiive. Mama anafikiri wakipanda ndege pamoja, huenda mlango huo ukafunguka.

Nimemwomba ruhusa nijibu hapa bila kutaja jina, maana wazazi wa Westlands wenye swali hili ni wengi.

Mama, mkopo usichukue. Mwenye uwezo wa Dubai aende, Mungu ambariki, simwonei wivu (sana). Lakini siku tano za kupiga picha ukizilipia miaka mitatu, deni hilo litakaa nanyi mezani. Siku kijana atakapokukosea utamwambia, "Na vile nilikupeleka Dubai!" Hapo safari imekuwa fimbo.

Lakini safari yenyewe, nendeni. Nasema hivi kwa mkazo. Kijana wa miaka 15 amebakiza Desemba tatu tu kabla hajatimiza 18, kisha ni chuo, kazi, na maisha yake.

Soma Luka 2 leo jioni. Yusufu na Mariamu walikuwa wakienda Yerusalemu kila mwaka kwa Pasaka, na Yesu alipofika miaka 12 walikuwa naye. Wakati wa kurudi walitembea mwendo wa siku nzima wakidhani yumo msafarani. Siku nzima! Na hao walikuwa wazazi wacha Mungu. Walimpata siku ya tatu, hekaluni, akisikiliza na kuuliza maswali. Mzazi mwenzangu, mnaweza kuwa gari moja na mtoto na umeshampoteza tangu Kangemi.

Nalijua hili kwa sababu lilinipata mwenyewe. Mwaka jana Agosti tulikwenda Uganda kwa gari, mimi, mke wangu na watoto wetu wawili, wa miaka 16 na 13. Hii Waiyaki Way tunayoilalamikia kila asubuhi, ukiifuata bila kuiacha barabara kuu, inakupeleka Nakuru, Eldoret hadi Malaba. Kampala ni kama kilomita 650. Nilikuwa nimepanga kila kitu kama ratiba ya kongamano la kanisa, saa ya maombi, saa ya kula, hata saa ya kufurahi. Kufika Nakuru mvulana alikuwa amejifunika kofia ya sweta, vidude masikioni. Kufika Eldoret nilikuwa nimemfokea mbele ya dada yake. Mke wangu akanigusa goti. Mnajua mguso huo.

Pale Malaba, kwa uchovu tu wala si kwa hekima, nilimkabidhi kijana bahasha ya karatasi zetu zote na pesa za kubadilisha. Nikamwambia, "Wewe ndiye utatuvusha." Akapiga hesabu ya shilingi yetu kwa shilingi zao, akambana yule wa kubadilisha pesa kwa heshima, akarudi akitabasamu. Kuanzia hapo alikaa kiti cha mbele, akatuongoza njia, akaamua tusimame wapi kula rolex. Chanzo cha Mto Nile pale Jinja ni yeye aliyetuonyesha, mimi nilikuwa nimekisahau kwenye ratiba yangu.

Kesho yake tukaenda Namugongo, nje kidogo ya Kampala. Sisi Wapentekoste hatuna desturi ya kuhiji, wala siwaombi watakatifu. Lakini damu ya Wakristo ilimwagika pale tarehe 3 Juni 1886, Wakatoliki na Waanglikana, wakachomwa moto kwa amri ya Kabaka Mwanga. Wengi walikuwa vijana watumishi wa kasri. Kizito alikuwa na miaka kama 14, na alibatizwa na mwenzake Charles Lwanga siku chache tu kabla ya kuuawa. Binti yangu alisimama mbele ya maelezo yake akahesabu vidole. Kaka yake akauliza Kabaka mwenyewe alikuwa na umri gani. Alirithi kiti mwaka 1884 akiwa na miaka 16 hivi. Kumbe aliyeamuru alikuwa kijana, na walioungua walikuwa vijana.

Kisha akaniuliza, "Baba, kama ningekuwa mimi pale, ungetaka niseme nini?"

Nimehubiri habari ya Shadraka, Meshaki na Abednego mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Kama pasta, jibu ninalo tangu chuo cha Biblia. Kama baba, mdomo ulikauka. Nilimwambia ukweli: ningetaka asimame na Yesu, na sijui kama mimi ningekuwa na nguvu ya kusimama nikimtazama. Hakusema neno. Lakini kurudi, kutoka Kampala mpaka tunaiona Jinja, aliongea. Alisema mambo ya shuleni, na mashaka yake juu ya maombi ambayo nyumbani hangeyathubutu, kwa kuwa nyumbani mimi hujibu haraka. Safari hii nilikuwa nimeshika usukani, nikasikiliza.

Sasa ya vitendo. Mkenya mtu mzima huvuka Malaba kwa kitambulisho, bila viza. Mtoto mtengenezee pasipoti kupitia eCitizen mapema, usingoje Desemba ndipo uanze kukimbia. Kaeni na kijana achague njia, ashike bajeti, aambiwe pesa iliyopo ni kiasi gani. Simu msimnyang'anye, weka ya kwako kwanza.

Na wewe mama, mtaji wa kwanza unao, hizo pesa ulizotaka kuweka kama dhamana. Niko ofisini Jumatano kuanzia saa nane mchana. Njoo tupige hesabu, na uje na kijana. Kalamu atashika yeye.