Jiwe la Korongoni Si Mali ya Bure



Juma lililopita nilisafiri kutoka Korogwe kwenda Handeni. Njiani tulikuwa nyuma ya fuso lililosheheni mawe makubwa, laini na ya mviringo, ambayo kila aliyekulia huku hutambua kuwa yameng'olewa katika mkondo wa maji. Lilipoegeshwa nilimwuliza utingo yanakopelekwa. Akajibu, "Shikamoo Padre. Ni ya bwawa la bustani ya mzee mmoja." Sikupata ujasiri wa kumlaumu mzee huyo, kwa maana nami ni mgonjwa wa maradhi hayohayo: dirishani pangu pamepangwa mawe 11, na kila moja lina safari yake.

Ninalolipenda kuliko yote nilizawadiwa na rafiki. Ni konglomerati, yaani mwamba uliofanyika kwa kokoto nyingi zilizoshikamana. Maji huviringisha vipande vya mawe hata vikapoteza ncha zake. Kisha huvilaza pamoja na mchanga. Halafu, kwa muda mrefu mno, chokaa, silika au kutu ya chuma hupenya katikati na kuviunganisha kama saruji. Huko Boston, Marekani, Kanisa Kuu la Msalaba Mtakatifu, lililotabarukiwa mwaka 1875, limejengwa kwa mwamba wa aina hiyo. Kokoto za rangi mbalimbali, zilizotoka sehemu mbalimbali, leo zinabeba paa moja.

Sehemu kubwa ya miamba ya Korogwe na Handeni ni ya namna nyingine. Ni miamba mikongwe, iliyopikwa kwa joto na mgandamizo chini ya milima zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, yenye mistari myeupe na myeusi, na pengine vitone vyekundu vya ganeti. Hata hivyo, mvua huimega miamba hiyo, na makorongo huizungusha. Changarawe tunayoikanyaga korongoni ni konglomerati ambayo bado haijakamilika.

Hapa ndipo penye hoja yangu. Jiwe kubwa lililolala korongoni halikulala bure. Mafuriko yanapokuja hulipiga nalo huyapunguza kasi. Nyuma yake mchanga hutua, na ndani ya mchanga ule maji hubaki wiki nyingi baada ya mvua kukatika. Mama wa Handeni anayefukua kisima kwa kata wakati wa kiangazi anakunywa maji yaliyotunzwa na mawe hayo. Tukiyaondoa, maji hukimbia, mchanga huondoka nayo, kingo humeguka, na mama yule huongezewa mwendo. Ni kweli kwamba maji ya bomba huvutwa kutoka Mto Pangani, upande wa Korogwe, kupelekwa Handeni; lakini bomba halifiki kila kitongoji, na si kila siku hutoa maji. Je, ni haki bwawa la kupendeza macho lijazwe kwa kukausha kisima cha jirani?

Najua yupo atakayesema: "Lori moja lina madhara gani?" Wahenga walikwisha kumjibu: bandu bandu huisha gogo. Mwingine atasema kwamba vijana wanaopakia mawe wana watoto wa kulisha. Hilo ni kweli, nami siwezi kulipuuza. Ndiyo maana lawama ya kwanza siielekezi kwa kijana mwenye mtaimbo, bali kwa mnunuzi asiyeuliza jiwe limetoka wapi. Kijana huyohuyo angeweza kulipwa kwa kazi ya machimbo halali. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 huyahesabu mawe ya ujenzi kuwa madini, na kuyachimba kwa biashara kunahitaji leseni. Aidha, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia, ndani ya meta 60 za kingo za mto, shughuli za kudumu au zinazoweza kudhuru kingo hizo.

Basi, anayetaka bwawa na alijenge, lakini kwa busara. Anunue mawe ya machimbo, au atumie yale yaliyotoka katika msingi wa nyumba yake mwenyewe. Jiwe kubwa lizikwe theluthi moja ardhini, lisije likamwangukia mtoto, na ukingo uwe na kina kifupi. Konglomerati ijaribiwe kwanza kwa tone la ndimu: ikitoa povu, ina chokaa, nayo itabadili maji na huenda ikamomonyoka. Maji yasiyo na samaki yamwagwe kila juma, la sivyo tutafuga mbu na kuvuna malaria.

Na samaki nao wachaguliwe kwa uangalifu. Mto Pangani una perege wake wa asili, ambaye mwaka 1955 mtaalamu Rosemary Lowe alimpa jina la kisayansi *korogwe*, kwa heshima ya mji wetu. Sato wa kigeni akitoroka bwawani wakati wa mafuriko, huzaliana na perege wetu na kupoteza uzao wake. Ni wangapi kati yetu tunaojua kwamba kuna samaki aliyebeba jina letu?

Nami nimejiwekea kanuni: naokota jiwe linaloenea kiganjani, moja tu mahali pamoja, na kamwe si lile linalozuia mchanga. Nikitamani kubwa zaidi, nakaa juu yake nilitazame, kisha naliacha lilipo. Limekwisha pata kazi, na kazi yake ni kubwa kuliko kupamba bustani yangu.

Nawatakieni juma jema.