Sarafu za kale Garissa: Sumaku pekee haitoshi kutambua fedha

MISIMU mitano ya mvua ilipokosekana mfululizo kati ya mwaka 2020 na 2022, wafugaji wa Garissa, Wajir na Mandera walishuhudia mifugo yao ikiangamia. Mfugaji aliyepoteza ng'ombe na mbuzi hubakiwa na vitu vichache vya kuuza. Miongoni mwavyo ni vito na sarafu za kale ambazo wanawake wa eneo hilo hurithishana kutoka kwa bibi hadi mjukuu.

Oktoba 2025, bei ya madini ya fedha katika soko la dunia ilivuka dola 50 kwa aunsi, yaani gramu 31.1. Kwa mwenye sarafu sandukuni, hiyo ingepaswa kuwa habari njema. Hata hivyo, faida humwendea anayejua sarafu imetengenezwa kwa madini gani, na mara nyingi anayejua ni mnunuzi wala si muuzaji.

Kipimo kinachofahamika na wengi ni sumaku, ambayo hata mtoto anaweza kuichomoa katika spika ya redio iliyoharibika. Sarafu ikinaswa, ina chuma au nikeli na wala si fedha. Shilingi moja ya Kenya ya rangi ya njano iliyotolewa kuanzia mwaka 1995 hunaswa kwa kuwa ni chuma kilichovikwa shaba ya njano. Ile nyeupe ya mwaka 2005 nayo hunaswa, kwani ni chuma kilichovikwa nikeli.

Utata huanza pale sarafu isiponaswa. Shilingi ya mwaka 1966, ya kwanza kutolewa na Benki Kuu ya Kenya, haishikwi na sumaku ingawa haina hata chembe ya fedha. Ni mchanganyiko wa shaba na nikeli, na katika mchanganyiko huo nikeli hupoteza tabia yake ya kuvutwa. Kwa hivyo, sumaku inaweza kumwambia mtu kwamba sarafu yake si fedha, lakini haiwezi kumhakikishia kwamba ni fedha. Anayelipa au kulipwa kwa kutegemea sumaku peke yake amejiweka katika hatari.

Mtego mkubwa zaidi umo katika shilingi za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, zenye picha ya simba mbele ya milima. Zilizotengenezwa kati ya mwaka 1921 na 1946 zina robo ya fedha. Kuanzia mwaka 1948 fedha iliondolewa kabisa, na shaba na nikeli zikachukua nafasi yake. Uingereza ilikuwa imechukua hatua kama hiyo mwaka 1947 kwa sarafu zake yenyewe, kwa sababu ilihitaji fedha hiyo ili kulipa deni la vita kwa Marekani.

Shilingi ya 1946 na ya 1948 zina simba yule yule na kichwa cha mfalme yule yule, George wa Sita, na zote mbili haziguswi na sumaku. Kinachozitenganisha ni tarehe. Iwapo tarehe imefutika, maandishi yanayomzunguka mfalme yatasaidia: yale ya zamani yana herufi IND. IMP., kumaanisha mtawala wa India, cheo kilichoondolewa baada ya India kujipatia uhuru mwaka 1947. Shilingi ya fedha ina uzani wa karibu gramu 7.8, hivyo ina takriban gramu mbili za fedha halisi. Kwa bei ya dola 50, na dola ikibadilishwa kwa Sh129 kama ilivyokuwa wakati huo, fedha hiyo ni ya karibu Sh400. Shilingi ya 1948 haina fedha ya kupimwa.

Kwa sarafu kubwa inayothaminiwa zaidi katika Pembe ya Afrika, kanuni hiyo ya tarehe hugeuka. Hiyo ni sarafu ya Maria Theresa wa Austria, ambayo watu wa pwani waliiita reale. Malkia huyo alifariki mwaka 1780, na tangu hapo kila iliyochapwa ilipigwa tarehe ya 1780, iwe ilitoka Vienna, Rome, London au Bombay, hata katikati ya karne ya 20. Anayetazama tarehe ili kujua umri wake anajidanganya.

Hapa mizani ndiyo yenye neno. Reale halali ina uzani wa gramu 28.07, na kati ya kila sehemu 1,000 za uzani huo, 833 ni fedha. Bandia ya shaba na nikeli yenye upana na unene ule ule haitafika gramu 25. Lakini zile zilizovaliwa shingoni kwa miaka mingi zimelika, na nyingine zimechomelewa kikuku cha kutilia uzi, kwa hivyo uzani pekee unaweza kupotosha.

Maji hutatua tatizo hilo. Mizani ndogo ya kidijitali, kama ile inayotumiwa na masonara, huwekewa glasi ya maji, kisha hurudishwa kwenye sifuri. Sarafu hufungwa uzi mwembamba na kuzamishwa bila kugusa kando wala chini ya glasi. Namba itakayoonekana ndiyo ya kugawia uzani wa sarafu ikiwa kavu. Reale halisi itaonyesha takriban gramu 2.8 ndani ya maji, na jibu la kugawanya litakuwa kumi na kitu kidogo. Shaba na nikeli hutoa 8.9, shaba ya njano karibu 8.5, na chuma chini ya 8. Sarafu iliyolika haibadilishi jibu, maana uzani na ukubwa hupungua pamoja. Kikuku cha madini mengine hulivuruga kidogo, na ni heri kulijua hilo kabla ya kumlaumu muuzaji.

Kusugua sarafu kwa mchanga, kuipiga tupa au kuimwagia asidi ya betri ni kuiharibu tu, na mkusanyaji wa sarafu hatalipa bei nzuri kwa iliyokwaruzwa.

Kwa bei ile ya Oktoba 2025, reale moja ilikuwa na fedha ya takriban Sh4,800. Sonara hawezi kulipa kiasi hicho chote kwa kuwa naye ana gharama za kuyeyusha na anatafuta riba. Lakini muuzaji anayejua namba hiyo ana mahali pa kuanzia mazungumzo, na anaweza kudai sarafu ipimwe mbele yake na gramu zisomwe kwa sauti.

Kuna na suala la sheria. Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 huhesabu kifaa kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895 kuwa cha kale, na hakiwezi kutolewa nje ya nchi bila kibali. Kwa reale, ambazo zote zimeandikwa 1780, si rahisi kwa mchuuzi anayevuka mpaka kule Liboi au Mandera kuthibitisha ni ipi iliyoingia nchini kabla ya mwaka huo na ni ipi iliyoingia baadaye.