Kitalu Kimoja, Wenyewe Wanne

Makamanda, leo sitaki tuongelee uchaguzi. Nataka tuongelee vitalu vya uwindaji, na najua wengine mtasema hayo ni mambo ya Wamaasai na wawekezaji, sisi wa Mbagala na Mwanjelwa yanatuhusu nini. Yanatuhusu. Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya 1999, inasema ardhi yote ya Tanzania ni ya umma na Rais ameishika kama mdhamini kwa niaba yetu. Mdhamini, sio mwenye mali. Sasa baba mdogo aliyeachiwa shamba la ukoo alitunze, akiwapa watu wanne shamba hilo hilo, kila mmoja na karatasi yake, halafu wakishikana mashati yeye anaita polisi, si wanaukoo wote wana haki ya kumuuliza?

Nawaambia watu wanne kwa sababu nimewahesabu. Chukueni Loliondo. Wa kwanza ni vijiji, vilivyosajiliwa kisheria, watu wanachunga na kuishi pale tangu kabla ya wizara kuwepo. Wa pili ni kampuni ya uwindaji, Otterlo Business Corporation, OBC, yenye mizizi Falme za Kiarabu, iliyoingia miaka ya mwanzo ya 1990 enzi za Mzee Mwinyi. Wa tatu ni kampuni za utalii wa picha ambazo zilikwenda kijijini, zikakaa na wazee, zikasaini mikataba na vijiji vyenyewe. Wa nne ni Serikali, yenye askari na bikoni. Wote juu ya ardhi moja.

Na usifikiri ni Loliondo peke yake. Sinya, kule Longido, kampuni ya picha iliyosaini na kijiji na kampuni ya uwindaji iliyopewa kitalu na wizara zilikutana porini pale pale. Mmoja ana mgeni aliyelipa kumuona tembo akiwa hai, mwenzake ana mgeni aliyelipa kumpiga risasi. Hebu fikiria asubuhi yao.

Wizara ikiulizwa, jibu huwa ni moja: watu wamekuwa wengi, mifugo imekuwa mingi, ardhi haitoshi. Kuna ukweli hapo, siwezi kubisha. Sensa ya 1967 ilituhesabu milioni 12 na kidogo, ya 2022 ikatuhesabu milioni 61.7. Lakini wingi wa watu hauelezi kwa nini kampuni mbili za uwindaji zigombanie kitalu kimoja. Hapo hakuna ng'ombe wala mtoto wa mfugaji. Kilichojaa pale ni karatasi.

Nieleze karatasi zilivyojaa, maana hapa ndipo sheria ilipo na ndipo tunapodanganywa. Zamani, chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 1974, Pori Tengefu lilikuwa linadhibiti uwindaji tu. Unaruhusiwa kuishi, kulima, kuchunga, ila usiwinde bila leseni. Ndiyo maana mapori tengefu yalichorwa makubwa bila hofu, mengine yakameza tarafa nzima. Loliondo yote, pamoja na mji wa Wasso na shule na zahanati zake, ilikuwa ndani ya Pori Tengefu na hakuna aliyeona shida. Baadaye, 1999, Bunge likapitisha Sheria ya Ardhi ya Vijiji, na vijiji vile vile vikatambulika kuwa na ardhi yao. Kwa hiyo mstari wa wanyamapori na mstari wa kijiji vikalaliana.

Halafu ikaja sheria mpya, Na. 5 ya 2009. Kifungu cha 21 kikasema sasa ni marufuku kuchunga ndani ya Pori Tengefu bila kibali cha maandishi cha Mkurugenzi. Yaani watu waliolala wakiwa wafugaji halali wakaamka wavamizi, bila kuhama hata hatua moja.

Lakini Bunge halikuwa na upofu wote huo, tulitendee haki. Kwenye sheria hiyo hiyo, kifungu cha 16, wabunge waliweka dawa. Kifungu kidogo cha 4 kinamtaka Waziri, ndani ya miezi 12 tangu sheria ianze kutumika, apitie orodha ya mapori tengefu yote. Kifungu kidogo cha 5 kinamtaka ahakikishe hakuna ardhi ya kijiji inayobaki ndani ya pori tengefu. Kimeandikwa kwa lugha ya lazima, sio ya hiari. Nilipokisoma mara ya kwanza nilirudia mara mbili nikidhani nimekosea ukurasa. Kumbe dawa ipo kabatini tangu 2009! Miezi 12 ikapita, mapitio hayakukamilika, ila kifungu cha 21 cha kukamata ng'ombe kikaendelea kufanya kazi vizuri kabisa. Ndiyo tabia ya dola yetu, kifungu kinachombana mwananchi kinatekelezwa usiku huo huo, kinachombana Waziri kinasubiri bajeti.

Mliona matokeo yake Juni 2022. Kilomita za mraba 1,500 za Loliondo zikawekewa bikoni. Askari polisi mmoja akauawa kwa mshale, wananchi wakajeruhiwa, familia zikavuka kwenda Kenya kutafuta matibabu na usalama. Miezi michache baadaye, kwa Tangazo la Serikali Na. 604, eneo likapandishwa kuwa Pori la Akiba Pololeti. Septemba 2023 Mahakama Kuu Arusha ikasema tangazo lililotangulia hilo, la Pori Tengefu Pololeti, ni batili kwa sababu wananchi hawakushirikishwa. Someni hapo tena. Watu walishapoteza mifugo na wengine damu, ndipo Mahakama ikasema karatasi yenyewe haikuwa halali.

Na kule Mahakama ya Afrika Mashariki, vijiji vinne, Ololosokwan, Kirtalo, Oloirien na Arash, vilifungua kesi 2017. Septemba 2022 vikashindwa. Kisa? Mahakama ilisema havikuthibitisha kwamba waliondolewa kwenye ardhi ya kijiji na sio ndani ya Hifadhi ya Serengeti. Novemba 2023 ngazi ya rufaa ikaagiza kesi isikilizwe upya. Mimi kama mwanafunzi wa sheria sikulaumu sana uamuzi ule wa kwanza, nililaumu ukweli kwamba mwananchi anaweza kupoteza boma lake kwa sababu hana ramani ya kuonyesha mstari unapita wapi, wakati ramani iko kwenye droo ya yule yule anayemshtaki.

Turudi kwa wawindaji wenyewe, maana niliahidi. Ziwa Natron, upande wa Longido, kampuni mbili, Green Mile Safari na Wengert Windrose Safaris, ziligombania kitalu kwa miaka mpaka mahakamani. Mei 2014 Mchungaji Msigwa, wakati huo Waziri Kivuli wetu wa Maliasili, akapeleka Bungeni video ya uwindaji aliyosema imevunja sheria, akiihusisha na Green Mile. Julai 2014 Waziri Nyalandu akafuta leseni ya kampuni hiyo. Mwaka 2016, chini ya waziri mwingine, ikarudishiwa. Agosti 2019 Waziri Kigwangalla akaifuta tena. Maamuzi matatu, mawaziri watatu, kitalu kile kile. Anayechunga ng'ombe pale Longido angejuaje wiki hii mwenye pori ni nani?

(Nyalandu alikuja kwetu 2017, akarudi alikotoka 2021. Msigwa naye sasa hivi yuko CCM. Wanatuita nyumbu, lakini wanaohama tunawaona.)

Nimeileta hadithi hiyo sio kumsimanga mtu. Nimeileta kwa sababu na sisi tulishangilia. Tulishangilia 2014 waziri alipofuta kwa kalamu, hatukuuliza kwa nini kalamu ya mtu mmoja ina nguvu hiyo. Kalamu inayofuta ndiyo inayogawa. Chama chetu kikishika wizara ile kesho na sheria ikabaki hivi hivi, tutakuwa na waziri wetu mwenye kalamu yetu, na wawekezaji watapanga foleni kwenye mlango wetu. Mimi sijajiunga na chama kwa ajili ya hiyo.

Wapo watakaosema nachukia uwindaji. Hapana. Kuna mapori yenye mbung'o na ukame ambayo watalii wa picha hawaendi, na bila pesa ya uwindaji hakuna wa kuyalinda. Nakubali pia kwamba mnada wa vitalu kwa njia ya kielektroniki ulioanza 2019 ni bora kuliko barua za siri. Lakini mwaka uliofuata zikaja kanuni za maeneo maalumu ya uwekezaji wa wanyamapori, ambazo mkataba wake unaweza kufika miaka 30. Miaka 30! Mimi nitakuwa na wajukuu. Kitalu chenye mgogoro wa mpaka leo ukikifunga kwa miaka 30, umewarithisha ugomvi watu ambao hawajazaliwa.

Na kuna mwenyewe wa tano ambaye hata sikumhesabu pale juu, Mtanzania wa kawaida anayewinda. Mwenye leseni ya uwindaji wa wenyeji anaachiwa makombo ya maeneo. Wahadzabe, ambao ndio wawindaji wa kwanza wa nchi hii na hawazidi sana elfu moja, mwaka 2007 waliamka wakaambiwa bonde la Yaeda lina mgeni, kampuni ya uwindaji yenye uhusiano na Falme za Kiarabu. Yaani mwindaji anaondolewa ili apishwe mwindaji. Kelele zikapigwa ndani na nje, kampuni ikajiondoa mwaka huo huo. Lakini hawakuishia kwenye kelele. Mwaka 2011 wakapata hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina la jamii yao, mpango wa matumizi ya ardhi ukiwa umechorwa, mipaka inajulikana. Leo anayetaka Yaeda anaanza na wao. Migogoro haijaisha, mifugo bado inaingia, ila angalau wana karatasi mkononi mwao na sio kwenye droo ya mtu.

Kwa hiyo ninachotaka kamati ya sera ya vijana ikibebe ni hiki. Orodha ya vitalu vyote, mipaka yake, anayekishika, muda wa mkataba wake, viwekwe wazi ambapo mtu wa Longido anaweza kuvisoma kwenye simu kwa Kiswahili. Hakuna mkataba mpya wa miaka 30 mahali ambapo kifungu cha 16 hakijatekelezwa. Na kitalu kikigusa ardhi ya kijiji, muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji uambatanishwe, wenye mahudhurio na sahihi, sio barua ya mtendaji.

Wenzangu mlioko Ngorongoro, Longido, Simanjiro, Meatu, Kilwa, Liwale, msisubiri kamati. Wiki hii nenda ofisi ya kijiji uombe kuona cheti cha ardhi ya kijiji na ramani yake. Kama kipo, piga picha, weka nakala mahali salama. Kama hakipo, andika tarehe uliyoulizia na jina la cheo cha aliyekujibu, kisha ututumie. Tuko wanafunzi wa sheria sita hapa chuoni tunaopanga majibu hayo wilaya kwa wilaya, na Meatu mpaka sasa hatuna hata moja.