Umeona dari limepasuka, mbona unanyamaza?

Ndugu mfanyakazi, kapita amewakusanya kabla ya kushuka shimoni. Anauliza: «Nani ana neno?» Wewe jana uliona ufa juu ya dari, na hatari yake unaijua. Lakini moyo unapiga mbio, jasho linatoka, mdomo umekauka. Unatazama viatu vyako. Watu wanashuka.

Wenzako watasema una kiburi ao hujali kazi. Si kweli. Kuna watu wanaoogopa macho ya wenzao kuliko jiwe. Waganga wanaujua woga huo. Waganga wa akili wa Marekani waliuandika katika kitabu chao cha magonjwa mwaka 1980. Mwenye nao si mwenda wazimu.

Wengi wanajitibu kwa bia. Mimi dawa hiyo siikubali. Woga unalala usiku mmoja, kesho unaamka na nguvu zaidi, na mshahara umepungua. Kukwepa mkutano ni vilevile: ukikwepa unapata nafuu, na nafuu hiyo ndiyo chakula cha woga.

Dawa ni kuusogelea pole pole. Mwaka 1924, Mary Cover Jones, mama wa Marekani, aliandika habari za mtoto Peter aliyeogopa sungura. Mtoto alipewa chakula anachopenda, sungura akawekwa mbali. Kisha akasogezwa kidogo kidogo, mpaka Peter akamgusa mwenyewe. Leo watu wazima wanatibiwa kwa njia ya namna hiyo.

Anza na kidogo. Msalimie mtu usiyezoea kusema naye. Uliza bei sokoni bila kununua (muuzaji akinuna, mwache anune). Halafu sema neno lako mbele ya wenzako wawili, baadaye mbele ya ekipi nzima. Kila hatua irudie mara nyingi. Moyo ukipiga, usikimbie. Kaa papo hapo mpaka utulie. Ukishindwa, nenda kwa muganga.

Lakini ule ufa usingoje upone! Mwambie kapita pembeni, leo, kabla mtu hajashuka.

Mama, mtoto anayejificha wageni wakifika usimburute, wala usimjibie kila neno.

Na ninyi makapita: mtu akisema kwa sauti ya kutetemeka, msimcheke. Mwulizeni ufa uko wapi.